Sanamu za udongo za Wapueblo: kabla hujalipa, soma hii

Soko la Agosti la sanaa za Wenyeji wa Asili huko Santa Fe, New Mexico, Marekani, likikaribia malalamiko yanakuwa yale yale: mtu kanunua sanamu ya msimulizi ya Wapueblo, Wenyeji wa Asili wa kusini-magharibi mwa Marekani, yule babu aliyefumba macho mdomo wazi, wajukuu wamemjaa mapajani mpaka mabegani, kafika nyumbani anaambiwa imetoka kwenye moldi, yaani kalibu, haikufinyangwa kwa mkono.

Kwanza tuelewane, hizi sio vitu vya kale vilivyofukuliwa, tumechoka kulisema hili. Wafinyanzi wa Cochiti, kijiji cha Wapueblo New Mexico, wamefinyanga sanamu za watu tangu zamani, ila msimulizi mwenyewe kaanza 1964, Helen Cordero alipoombwa na mkusanyaji wa sanaa Alexander Girard atengeneze sanamu kubwa yenye watoto wengi zaidi, akamkumbuka babu yake Santiago Quintana, akamfinyanga na watoto 5. Wafinyanzi wa vijiji vingine vya Wapueblo, Jemez, Acoma na kwingine, wakafuata kila mmoja na mkono wake. Kazi ya jadi ni udongo wa kuchimba wenyewe, rangi nyeusi ya majani yaliyochemshwa mpaka yakaganda, halafu inachomwa nje kwa kuni na mavi ya ng'ombe, kwa hiyo usishangae bei.

Sasa sheria. Sheria ya Marekani ya 1990 ya Sanaa na Kazi za Mikono za Wahindi (yaani Wenyeji wa Asili wa Marekani, sio watu wa India) haimkatazi mtu kufinyanga babu na wajukuu, jamani, inakataza kudanganya kwamba kazi ni ya Mwenyeji wa Asili wakati siyo. Anayehesabika ni mwanachama wa kabila linalotambuliwa na serikali kuu au ya jimbo, au fundi aliyethibitishwa na kabila lenyewe, hivyo "bibi yangu alikuwa Mhindi" haitoshi. Kosa la kwanza, mali ikiwa ya dola 1,000 au zaidi, mtu binafsi ni faini mpaka dola 250,000 au jela mpaka miaka 5 au vyote viwili, kampuni mpaka dola 1,000,000. Chini ya dola 1,000 mtu ni faini mpaka dola 25,000 au jela mpaka mwaka 1 au vyote viwili, kampuni dola 100,000.

Kwa hiyo muuzaji aandike kwenye risiti jina la msanii, kabila lake, na kama ni kazi ya mkono au moldi. Akisitasita, ondoka. Ukishadanganywa, malalamiko yanaenda kwa maandishi Bodi ya Sanaa na Kazi za Mikono za Wahindi, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Marekani, na jina na anwani ya muuzaji, maneno aliyokuambia, tangazo lake na nakala ya risiti. Sisi picha za simu msitutumie, uhalali hatuthibitishi kwa picha.