Tela nalo lipunguzwe upepo

Anayejiandaa kutoka Dar es Salaam na tela la kambi kwenda jangwa la Namib huambiwa: punguza upepo wa matairi ya gari tu, ya tela yaache magumu, kwani hayasukumi kitu. Si kweli, na ushauri huu unakwamisha watu mbali na msaada. Tairi gumu hukata mchanga. Tela linazama, na gari linalolivuta linaanza kujichimbia. Angalia mchanga mkavu wa ufukweni Kigamboni: tairi gumu huacha mfereji mwembamba, lililopunguzwa upepo huacha alama pana ya juujuu. Punguza upepo wa matairi yote, ya gari na ya tela, mara nyingi kutoka psi 35 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi) hadi karibu 18, kulingana na mzigo. Usikate kona ghafla, tairi laini huchomoka kwenye rimu. Na pampu isikosekane: ukikimbiza lami bila kuyajaza, yatachemka na kupasuka.