Joto la kukaushia pasta na ubora wake

Spageti au makaroni mbichi ikitoka kwenye mashine huwa na unyevu wa takriban asilimia 30. Ili idumu kabatini, unyevu huo lazima upunguzwe. Sheria ya Italia inataka usizidi asilimia 12.5. Joto la kukaushia ni joto la hewa inayofanya kazi hiyo, na athari zake huonekana sufuriani.

Zamani huko Gragnano, karibu na Napoli, pasta ilianikwa barabarani ikakaushwa na upepo. Leo, joto la chini ni kama nyuzi 40 hadi 60, na kazi huchukua saa nyingi, pengine siku nzima au zaidi. Tangu miaka ya 1970, viwanda vingi vikubwa vimehamia nyuzi 70 na kuendelea, vingine vikivuka 90, na pasta hukauka kwa saa chache tu.

Joto kali huigandisha protini ya ngano, yaani glutini, ikawa wavu imara unaozishika chembe za wanga. Pasta hiyo ikichemshwa haitoi wanga mwingi majini, hainatani, na hubaki ngumu kiasi hata ikipitiliza kidogo motoni. Hiyo ni faida ya kweli, kwa hiyo sikubaliani na wanaodai kwamba joto kali huharibu tu. Ninachokilalamikia ni kwamba linaficha udhaifu wa ngano. Unga wenye glutini hafifu ukikaushwa kwa joto kali hutoa pasta inayopikika vizuri, ilhali kwa joto la chini ungelegea. Mtengenezaji anayekausha polepole hana njia ya mkato: lazima anunue ngano ngumu iliyo bora.

Na joto hilo lina gharama. Sukari iliyomo kwenye unga huungana na lisini, asidi amino ambayo ngano tangu mwanzo inayo kidogo, katika mmenyuko wa Maillard, ule ule unaoupa mkate ganda la kahawia. Lisini iliyonaswa hivyo mwili hauwezi kuitumia. Maabara huutambua mmenyuko huo kwa kupima furosini: ikiwa nyingi, pasta ilipata joto kali. Rangi nayo huacha umanjano ikaelekea wekundu, na ladha ya ngano hufunikwa na ladha ya kitu kilichookwa.

Mwendo nao una uzito wake. Nje ikikauka upesi kuliko ndani, pasta hupata nyufa ndogo na kukatikakatika ikipikwa, hata kama joto lilikuwa la chini. Ndiyo maana hewa ya kukaushia hudhibitiwa unyevu wake pia.

Ukinunua, maneno “imekaushwa polepole” peke yake hayatoshi. Amini zaidi pakiti inayotaja nyuzi na saa, kisha tazama protini: gramu 13 au zaidi katika kila gramu 100 ni dalili njema.