Je, wajua kwa nini majaji wa Arusha waliuhesabu msitu kuwa mahali pa ibada?

Ukipanda daladala la Kisongo kutoka mjini Arusha na kushika barabara ya Dodoma, utapita majengo ya TANAPA, shirika letu la hifadhi za taifa. Katika majengo hayo yenye jina la Mwalimu Nyerere, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu imefanya kazi kwa miaka mingi tangu ilipohamia kwetu mwaka 2007. Abiria wengi hupita pale bila kujua kwamba tarehe 26 Mei 2017, hapa hapa Arusha, majaji walisoma hukumu yenye jambo ambalo mahakama za juu kabisa za Marekani na Kanada zimekataa kulisema: kwamba kumfukuza mtu msituni kunaweza kuwa ni kumnyima dini yake.

Mpwa wangu wa kidato cha tatu alipoisikia habari hii aliniuliza, "Mjomba, msitu unawezaje kuwa kanisa?" Nilimjibu harakaharaka, jibu ambalo halikumtosha yeye wala mimi. Hili ndilo nililopaswa kumpa.

Kesi ilihusu Waogiek wa Kenya, watu wachache, takribani 20,000, wawindaji na warina asali tangu enzi za mababu. Wengi wao, kama 15,000, wanaishi katika Msitu wa Mau wenye eneo la hekta 400,000 hivi. Oktoba 2009 idara ya misitu ya Kenya iliwapa ilani ya siku 30 waondoke. Serikali ilisema Mau ni chanzo cha maji, ni hifadhi, na lazima ilindwe. Waogiek walilalamikia mengi, ardhi na ubaguzi na utamaduni, lakini ndani ya malalamiko hayo kulikuwa na moja ambalo wengi hulisoma kwa kurukaruka: kwamba ibada yao imo ndani ya msitu ule. Wana mapango, vilima na miti ya matambiko. Wana namna yao ya kuwaaga wafu. Yote hayo yana mahali pake, na mahali pale hapahamishiki.

Hapo ndipo sheria inapopata kigugumizi, kwa sababu sheria za nchi nyingi zimeizoea dini yenye mlango. Hapa kwetu ukitaka kuanzisha jumuiya ya dini, unakwenda kwa Msajili wa Jumuiya katika Wizara ya Mambo ya Ndani, ukiwa na katiba ya jumuiya, majina ya viongozi na anuani. Utaratibu huo una sababu zake, nami siupingi. Lakini mtambikaji anayesimama chini ya mkuyu ataandika anuani gani? Nani katibu wake? Dini ya namna hiyo haionekani kwenye daftari la serikali yoyote, na kisichoonekana daftarini ni rahisi kupitishiwa barabara katikati.

Uhuru wa dini una pande mbili mbele ya sheria. Upande wa kwanza ni imani ya moyoni, na huo hakuna serikali inayoruhusiwa kuugusa. Upande wa pili ni kuidhihirisha imani hiyo: kusali, kufundisha, kukusanyika, kutambika. Huu wa pili unaweza kuwekewa mipaka kwa ajili ya usalama, afya au haki za wengine. Ibara ya 19 ya Katiba yetu imejengwa juu ya msingi huo, na Ibara ya 8 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa mwaka 1981, inalinda dhamiri na ibada isipokuwa pale sheria na utulivu vinapodai vingine. Swali gumu ni hili: mahali penyewe panaangukia upande upi? Je, mlima ni sehemu ya ibada, au ni ardhi tu ambayo kwa bahati kuna watu wanaipenda?

Kenya ilijitetea kwa hoja mbili, na zote zinafaa kuangaliwa kwa makini. Kwanza, kwamba Waogiek wameshaacha dini yao na kuingia Ukristo. Pili, kwamba matambiko yao yanahatarisha utulivu.

Hoja ya kwanza ilinigusa mimi binafsi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mlutheri wa Machame, hakosi ibada ya Jumapili hata mvua ikinyesha mawe. Lakini jirani alipomkosea na kurudi na jani la isale mkononi, bibi hakuweza kumkatalia msamaha. Alikuwa akisema wazee walimwita Mungu Ruwa, jina hilo hilo la jua, na kwamba zamani marehemu alilazwa kaburini akielekezwa Kibo. Naye alipokuwa akisema hivyo, mwenyewe alikuwa ameshageuza uso kuelekea mlimani. Je, alikuwa Mkristo? Kabisa. Je, Kibo haikuwa kitu kwake? Hakuna Mchaga atakayekujibu hivyo. Majaji wa Arusha waliliona jambo hilo hilo kwa Waogiek: si wote walioingia Ukristo, na hata aliyeingia hakuthibitishwa kwamba ameyatupa yote ya wazee wake.

Hoja ya pili ilianguka kwa kukosa ushahidi. Kisha Mahakama ikasema kiini cha hukumu yenyewe: katika jamii za jadi, ambazo mara nyingi hazina taasisi rasmi za dini, ibada na ardhi vimefungamana, hivyo kumzuia mtu asiifikie ardhi yake ni kumzuia asiabudu. Waogiek waliobaki walikuwa wanatakiwa hata kuomba leseni kila mwaka ili waingie msituni. Mtu wa Ngarenaro afikirie kuomba kibali kila mwaka ili aingie msikitini kwake.

Majaji hawakusema kwamba serikali haiwezi kamwe kugusa mahali patakatifu. Waliuliza kama kulikuwa na njia nyepesi zaidi ya kulinda msitu, wakakuta zipo: kuwaelimisha watu, kushirikiana nao kutunza maeneo yao ya ibada, kuwaondolea ada za kuyafikia. Tena walikuta kwamba taarifa zilizoletwa mbele yao zinaonyesha uharibifu wa Mau ulitokana zaidi na watu wengine waliovamia, na serikali yenyewe iliyomega msitu na kutoa vibali vya kukata miti ovyo. Warina asali walibebeshwa mzigo usio wao.

Sasa vuka bahari uone mambo yalivyokwenda kwingine, maana hapo ndipo uzito wa hukumu ya Arusha unapoonekana.

Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisikiliza kesi ya Wayurok, Wakaruk na Watolowa, wenyeji wa asili wa California. Serikali ilitaka kupitisha barabara katika milima wanakokwenda kusali kwa faragha na ukimya. Majaji walikubali kwamba barabara ingeweza kuiumiza vibaya mno dini ile, kisha wakairuhusu. Hakuna aliyelazimishwa kutenda kinyume na imani yake, walisema, na haki yoyote waliyo nayo wenyeji hainyang'anyi serikali ardhi ambayo, mwisho wa yote, ni yake. Barabara ile haikukamilishwa, lakini kanuni ilibaki kwenye vitabu.

Kanuni hiyo ndiyo iliyowaangukia Waapache. Huko Arizona kuna uwanda uitwao Oak Flat, Chi'chil Biłdagoteel kwa lugha yao, ambako wasichana hufanyiwa sherehe za kuingia utu uzima. Chini yake kuna shaba. Mwaka 2014 Bunge la Marekani liliruhusu eneo hilo likabidhiwe kampuni ya madini, na uchimbaji uliopangwa utaacha shimo la upana wa karibu kilomita tatu. Tarehe 27 Mei 2025 Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza rufaa yao. Jaji Neil Gorsuch, akiungwa mkono na Jaji Clarence Thomas, alipinga kwa maandishi. Aliwaambia wenzake wafikirie kama serikali ingetaka kubomoa kanisa kuu la kale: hakuwa na shaka kwamba hapo wangeona kesi inastahili muda wao. Hilo ndilo swali la mpwa wangu, limegeuzwa tu.

Kanada ilifika mahali pale pale kwa njia yake. Waktunaxa walipinga hoteli na viwanja vya kuteleza kwenye theluji katika bonde la Jumbo, wanaloliita Qat'muk, wakisema ni makao ya Roho wa Dubu na kwamba ujenzi ungemfukuza. Novemba 2017, miezi mitano hivi tu baada ya hukumu ya Arusha, Mahakama ya Juu ya Kanada ilijibu kwamba Katiba inalinda uhuru wa kuamini na wa kuabudu, lakini hailindi kile kinachoaminiwa. Mradi ulikuja kufutwa mwaka 2020 kwa makubaliano, wala si kwa amri ya mahakama.

India ilichagua njia ambayo mimi naiheshimu sana. Katika milima ya Niyamgiri, jimbo la Odisha, Wadongria Kondh wanaamini mungu wao, Niyam Raja, anaishi kileleni. Kampuni ya madini ya Vedanta ilitaka boksiti, madini yanayotoa alumini, iliyomo humo. Aprili 2013 Mahakama ya Juu ya India haikujifanya kujua utakatifu wa mlima. Iliagiza mikutano ya vijiji ikae na kuamua yenyewe kama mgodi utaingilia haki zao za ibada. Vijiji 12 vilikutana, na vyote 12 vikakataa. Mwaka uliofuata serikali ya India ikaukataa mradi.

Ukizitazama kesi hizi pamoja, utaona tofauti inaanzia kwenye swali linaloulizwa. Marekani na Kanada ziliuliza: je, umelazimishwa kuikana imani yako au umezuiwa kuishika? Jibu likawa hapana, kesi ikaishia hapo. Arusha iliuliza: je, baada ya serikali kufanya ilichofanya, bado unaweza kuabudu? Mimi naamini swali la Arusha ndilo la haki. Mwislamu wa Majengo akivunjiwa msikiti hajalazimishwa kuritadi, lakini nani atamwambia kwamba hakuguswa?

Nakiri hofu ya majaji wa ng'ambo si ya bure. Nchi ina mabwawa ya kujenga na barabara za kupitisha, na kama kila kilima kinaweza kudaiwa kwa jina la dini, nani atapanga chochote? Lakini kipimo cha Arusha kinaijibu hofu hiyo bila kumfunga mtu mikono. Serikali ithibitishe kwamba lengo lake ni la kweli na kwamba hakuna njia isiyoumiza kuliko hiyo. Kama ipo, iifuate.

Baada ya ushindi, Waogiek walisubiri. Tarehe 23 Juni 2022 Mahakama iliamuru Kenya iwalipe shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa maumivu, na ipime ardhi yao na kuwapa hatimiliki ya pamoja. Novemba 2023 familia za Waogiek zilifukuzwa tena huko Sasimwani, kaunti ya Narok, nyumba zikabomolewa. Hukumu imeandikwa vizuri, ila Mahakama haina askari wa kuitekeleza.

Mpwa wangu alipoyasikia haya aliuliza la pili, na hili lilikuwa gumu zaidi: kama kesho Ol Doinyo Lengai, ambao kwa Kimaa ni Mlima wa Mungu na umo ndani ya mkoa wetu, ungepangiwa mgodi, je, wazee wa Kimasai wangeweza kupanda gari mpaka barabara ya Dodoma wakafungue kesi?

Hawangeweza, si moja kwa moja. Mtu binafsi huifikia Mahakama hiyo endapo nchi yake imeweka tamko la kumruhusu. Tanzania ililiweka, kisha ikaliondoa Novemba 2019, na tangu Novemba 2020 mlango huo umefungwa kwetu sisi tunaoishi jirani nao. Inaniuma kuliandika hili katika mji ambao wenyeji wake, Wameru waliofukuzwa Ngarenanyuki mwaka 1951, walilazimika kumtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952, ili asikilizwe.

Njia iliyobaki ni ya kuzunguka: kupeleka lalamiko kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu huko Banjul, Gambia, nayo, ikiona inafaa, ilifikishe Arusha. Waogiek nao walipita huko, maana Kenya haijawahi kuweka tamko lile. Lalamiko lao lilifika Banjul Novemba 2009, Tume ikaipeleka kesi Mahakamani mwaka 2012, na hukumu ikasomwa Mei 2017.