Pengo la mfupa halizibwi na dawa peke yake

Majeruhi wengi wa bodaboda tunaopokea hapa Malindi wameumia muundi, ule mfupa wa mbele chini ya goti. Hapo nyama ni haba, kwa hiyo mfupa ukivunjika huchomoza nje upesi, na vipande vilivyokufa inabidi tuvitoe. Likibaki pengo la sentimita kadhaa, mfupa hauliungi wenyewe. Ndipo jamaa huniuliza: "Daktari, si tumesikia kuna dawa ya kuotesha mfupa?"

Ipo. Mwaka 1965 daktari wa Marekani, Marshall Urist, alionyesha kwamba mfupa uliotolewa madini ukipandikizwa ndani ya msuli wa mnyama huotesha mfupa mpya humo humo msulini. Baadaye ilijulikana kuwa kinachofanya hivyo ni protini zinazoitwa BMP. Mojawapo, BMP-2, hutengenezwa maabara na kulowekwa kwenye sifongo ya kolajeni, yaani protini ya ngozi na mifupa. Marekani iliiidhinisha kwa uti wa mgongo mwaka 2002, na kwa muundi uliovunjika na kutoboa ngozi mwaka 2004.

Ila kazi ya protini hiyo ni kuita seli na kuziamuru zijenge. Fundi ukimwita bila mawe wala chokaa, atajenga nini? Seli zinataka damu ya kutosha, mfupa ulioshikwa imara na kidonda kisicho na usaha. Kuitia penye usaha ni kutupa pesa, tena nyingi. Na ina madhara yake: mwaka 2008 wadhibiti wa dawa wa Marekani walionya kuwa ikitumiwa kwenye uti wa shingo huweza kuvimbisha koo hadi pumzi ikaziba.

Mimi naipenda zaidi njia ya Mfaransa Alain Masquelet. Kwanza tunasafisha, tunakaza mguu kwa vyuma, kisha pengo tunalijaza sementi ya mifupa iliyochanganywa na antibiotiki. Kwa wiki 6 hadi 8 mwili huizungushia sementi utando wenye mishipa ya damu, na utando huo wenyewe hutoa BMP-2! Dawa ile ile ya bei ghali, mgonjwa anajitengenezea. Kisha tunaupasua taratibu, tunatoa sementi, tunajaza punje za mfupa zilizochotwa nyongani mwake, na kuushona tena.

Kinachoniumiza roho ni wasiorudi kwa upasuaji wa pili. Maumivu yamepoa, nauli ya boti na basi kutoka Lamu si ndogo, na nyumbani kuna mkandaji anayengoja. Mguu huo usikandwe. Nawe mwenye sementi mguuni, acha sigara, maana hubana mishipa ya damu, na urudi kwa tarehe uliyopewa hata kama huumwi.