Uwanja wa Durham Bulls: yasemwayo na yalivyo

Mtu aliyelelewa na soka akitazama besiboli ya ligi ndogo za Marekani huja na kipimo cha soka mkononi, na makosa mengi huanzia hapo. Chukua Durham Bulls Athletic Park, uwanja wa timu ya besiboli ya Durham Bulls uliofunguliwa 1995 katikati ya jiji la Durham, North Carolina, unaoingiza watazamaji wapatao 10,000.

Dhana: Bulls wakitwaa ubingwa, wanapanda ligi kuu.

Hakuna kupanda wala kushuka daraja. Bulls wako Triple-A, ngazi moja chini ya ligi kuu, na tangu 1998 ni tawi la Tampa Bay Rays, timu ya ligi kuu. Walibeba ubingwa wa Triple-A 2009, 2017 na 2022, na msimu uliofuata wakabaki palepale. Anayepanda ni mchezaji, tena anaweza kuitwa leo akacheza kesho. Mishahara ya wachezaji na makocha hutoka Rays, ambao ndio pia huamua mrushaji (anayemrushia mpigaji mpira) arushe mara ngapi kabla ya kupumzishwa. Klabu ya Durham kazi yake ni tiketi, vyakula na matangazo. Kuizomea kwa sababu mrushaji mzuri katolewa mapema ni kuionea.

Dhana: ligi ndogo, uwanja mdogo.

Kilichopungua ni majukwaa. Besi (vituo vinne anavyovikimbilia mchezaji) hadi besi ni futi 90 (mita 27.4), kibao anachokanyaga mrushaji kiko futi 60 na inchi 6 (mita 18.44) kutoka ncha ya nyuma ya besi ya nyumbani, anaposimama mpigaji, na kilima anachosimama mrushaji kina kimo cha inchi 10. Ligi kuu ni vivyo hivyo. Mteremko wa mbele hushuka inchi 1 kwa kila futi 1, na hapo ndipo penye kazi: mguu wa mrushaji hutua pale pale kila mara, mpaka shimo likachimbika. Baada ya mechi fagia vumbi lote, lowesha shimo, jaza udongo wa mfinyanzi wenye unyevu, shindilia, kisha funika kwa turubai. Ukijaza udongo mkavu juu ya mkavu haushikani; utamegeka kama kigae mrushaji akiukanyaga.

Dhana: ukuta mrefu wa buluu wa upande wa kushoto ni pambo la kuiga ukuta wa kijani wa uwanja wa Fenway Park, Boston.

Kuiga ni kweli, lakini ukuta una kazi. Kanuni inataka viwanja vya besiboli ya kulipwa vilivyojengwa baada ya Juni 1958 viwe na angalau futi 325 kutoka besi ya nyumbani hadi uzio kwenye mistari ya pembeni. Durham kulia kuna 327, katikati 400, ila kushoto ni 305 tu, yaani mita 93. Bila ukuta ule wa futi 32, mipira dhaifu ya juu ingetoka nje ovyo na kumpa mpigaji alama. Sasa mpira uliopigwa kwa nguvu lakini chini hugonga ukuta na kurudi. Mchezaji mgeni anayelinda upande huo hukimbia hadi ukutani, mpira ukampita kichwani ukirejea uwanjani. Mwenyeji husimama hatua kadhaa kabla ya ukuta akausubiri.

Dhana: filamu ya besiboli ya Bull Durham ya 1988 ilipigwa hapa.

Ilipigwa uwanja wa zamani, Durham Athletic Park, ambao bado upo. Bango la fahali (ndiyo maana ya “bull”) lilibuniwa kwa ajili ya filamu hiyo. Hapa fahali yuko juu ya ukuta wa buluu, hutoa moshi puani, na mchezaji anayemgonga kwa mpira hupewa nyama ya steki. Akigonga nyasi zilizochorwa chini yake, apate saladi.

Dhana: uwanja peke yake ulifufua katikati ya jiji.

Kiwanda cha sigara cha American Tobacco, kilicho ng'ambo ya barabara, kilifungwa 1987. Uwanja ulipoanza 1995, majengo yale yaliendelea kukaa matupu hadi 2004, yalipofunguliwa tena kama ofisi na mikahawa. Hesabu yenyewe ni nyepesi: ratiba ya Triple-A ina mechi 75 hivi za nyumbani. Mkahawa wa jirani bado una siku 290 za kutafuta wateja, na hao huletwa na ofisi.