Mwanga wa simu si chanzo cha madoa usoni
Wapo wanaoamini kuwa mwanga wa buluu wa simu huzeesha ngozi na kuleta madoa, na kwa hofu hiyo hununua krimu za bei kubwa. Chanzo kikuu cha mwanga huo ni jua. Unaotoka kwenye kioo cha simu ni kidogo mno ukilinganishwa nalo. Anayestahili kukingwa ni mama auzaye zabibu kando ya barabara Dodoma, mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako kiangazi hudumu miezi mingi. Mwanga wa buluu wa jua kweli huchochea madoa meusi, hasa kwenye ngozi nyeusi kama zetu, na krimu nyingi za jua zisizo na rangi hazizuii vya kutosha; inayofaa zaidi ni ya rangi, yenye oksidi ya chuma (unga wa madini unaoipa rangi na kuzuia mwanga huo), pamoja na kofia pana.