"Huyu Ameshakuwa Mkubwa": Tunayoyakosea Kuhusu Mabingwa wa BMX

Jumamosi moja nilimpeleka mpwa wangu kwa fundi wa baiskeli huku kwetu Umoja. Tairi la nyuma lilikuwa limelika hadi nyuzi zinaonekana. Msichana ana miaka 14, na BMX yenyewe, ile baiskeli ndogo ya mbio za matuta, kaachiwa na kaka yake. Fundi aliizungusha rimu, akamtazama mtoto magoti, akatazama kiti, kisha akaniambia, "Madam, huyu ameshakuwa mkubwa. Mtafutie baiskeli ya wakubwa, Black Mamba."

Mpwa akaninong'oneza, "Anti, mwambie kuhusu Mariana." Sikumwambia, foleni ilikuwa ndefu. Namwambia hapa, nikijibu moja baada ya nyingine kauli tunazozirudia kuhusu BMX.

"BMX ni baiskeli ya watoto."

Mariana Pajón wa Medellín, Kolombia, alikuwa na miaka 20 alipotwaa dhahabu ya mbio za BMX kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012. Akaichukua tena Rio 2016. Kwenye Michezo ya Tokyo, iliyosogezwa hadi 2021, alipata fedha akiwa na miaka 29, mwanamke aliyeolewa. Mtoto gani huyo?

Magurudumu ni ya inchi 20, kweli, lakini udogo huo una kazi yake: gurudumu dogo hushika kasi upesi, na baiskeli fupi hutii mwili ikiwa hewani. Gia ni moja, breki ni moja, ya nyuma. Kiti kiko chini kwa sababu hakuna anayekikalia. Mbio nzima ni za kusimama. Kipimo cha fundi cha goti na kiti ni sahihi kabisa, ila kwa baiskeli ya kwenda sokoni.

"Ni ule mchezo wa kupinduka hewani."

Huo ni mwingine, una medali zake na majaji wake. Katika mbio hakuna jaji wa mbwembwe. Ukiruka tuta, ukiwa hewani pedali hazikusukumi popote, kwa hiyo mkimbiaji mzuri huruka kimo kidogo kadiri awezavyo na kuilazimisha baiskeli irudi ardhini mapema.

"Mwenye miguu ya kasi ndiye hushinda."

Hapa ndipo wengi tunapotea, hata mimi nilipotea. Wakimbiaji wanane hupangwa juu ya mlima wa mita 8, tairi la mbele la kila mmoja limeegemea geti la chuma linaloanguka mbio zikianza, miguu yote miwili juu ya pedali, hakuna anayegusa chini. Sauti iliyorekodiwa inawaonya wajiandae. Kisha kimya, na urefu wa kimya hicho hubadilishwa makusudi ili asiwepo wa kubahatisha. Watu wa boda wakisubiri taa hapa mjini hutazama taa ya upande wa pili, ikiingia nyekundu wao wameshaondoka. Kule hakuna upande wa pili wa kuchungulia. Ukiwahi, unaligonga geti. Ukichelewa, unaifikia kona ya kwanza nyuma ya migongo saba, na mbio zenyewe hazifiki dakika moja.

Fainali ya Tokyo, Beth Shriever wa Uingereza alimaliza kwa sekunde 44.358. Pajón alitumia 44.448. Piga hesabu mwenyewe.

"Wazungu hao serikali zao huwalipia kila kitu."

Huyo huyo Shriever. Baada ya Rio, fedha za umma za BMX ya Uingereza zilielekezwa kwa wanaume peke yao. Akawa anafanya kazi ya mwalimu msaidizi huku akifanya mazoezi, na akaomba mchango kwa watu mtandaoni. Sisi tungesema harambee.

"Msichana ataumia."

Mzazi mwenzangu, hapa sitakudanganya. Pajón alipasua kano za goti mwaka 2018, akafanyiwa upasuaji. Saya Sakakibara wa Australia alimwona kaka yake Kai, naye mkimbiaji, akiumia vibaya ubongo katika ajali ya mbio mwaka 2020. Mwaka uliofuata yeye mwenyewe akaanguka Tokyo. Dhahabu ya Paris 2024 ni yake, lakini medali haifuti yaliyotangulia. Ninachokipinga ni lile neno "msichana". Tuta halimchagui mtu. Goti la mvulana pia hupasuka, na kofia ngumu inayofunika hadi kidevu nitaidai kwa yeyote atakayepanda, hata awe nani.

Fundi alipomaliza kulipachika tairi jipya nilikuwa natafuta simu nimtumie pesa. Niligeuka nikamkuta mpwa wangu amesimama juu ya pedali zote mbili, tairi la mbele limeegemea sanduku la vifaa, hasogei, hapumui, macho mbele. Nilihesabu kimoyomoyo hadi tisa.

"Madam," fundi akasema, "mwambie ashuke, atanimwagia spana."